Karata za Ardhi

Kila mchezo wa karata una karata za kusifiwa na karata za kutumika. Karata za kusifiwa ni chache. Hupambwa kwa picha za kutisha na za kupendeza, na mchezaji kijana huziota usiku. Karata za kutumika ni nyingi. Hazina pambo wala jina kubwa, na aghalabu hudharauliwa mpaka siku zinapokosekana. Insha hii inahusu namna hii ya pili. Nia yangu ni kuupima mchezo mmoja wa Marekani, uitwao Magic: The Gathering, kwa jinsi unavyozitumia karata hizo zinazodharauliwa, na kusema bila kificho mahali unapostahili sifa na mahali unapostahili lawama.

Huenda msomaji akauliza: mchezo wa ng'ambo, ambao wengi katika Mukurweini hawajapata kuuona, una haki gani ya kuchukua kurasa za kitabu hiki? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika mchezo ambao msomaji ameujua tangu utotoni. Nauzungumzia ule tunaouita kadi, unaochezwa vibarazani wakati wa mvua, na mabwenini wakati ambao walimu hudhani watoto wamelala.

Katika kadi, kwa desturi ya wengi, mbili na tatu humwadhibu jirani kwa kumwokotesha karata. Nane na malkia ni maswali yanayodai majibu. Jeki humruka mtu. Mfalme huugeuza mzunguko urudi ulikotoka. Esi hukinga adhabu na kuamuru aina ya karata ifuatayo. Zilizobaki, yaani nne, tano, sita, saba, tisa na kumi, hazina kazi ila kujibu. Hizi za kujibu ni 24 katika karata 52. Walakini mchezo hauwezi kumalizwa ila kwa hizo. Bila shaka msomaji amepata kumwona mtu aliyeshika malkia watatu na nane mbili, uso umejaa furaha kana kwamba ameshinda tayari. Anauliza swali, hana jibu la swali lake mwenyewe, anaokota karata. Anauliza tena, anaokota tena. Jirani yake aliyeshika sita na tisa asizojivunia anatangaza kwamba yuko kadi, na mara mchezo umekwisha. Mwenye nguvu nyingi ameshindwa kwa kukosa karata za kawaida.

Katika kadi, mtu huyo hana wa kumlaumu. Karata zote hutoka katika fungu moja, na bahati ndiyo mgawaji. Magic: The Gathering uliondoa udhuru huo. Mchezo huu ulitungwa na mwanahisabati Richard Garfield, ukatolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993, na jambo lake jipya lilikuwa hili: kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe, alilolipanga nyumbani kwa hiari yake, kutoka katika maelfu ya karata zilizochapishwa. Kwa kanuni ya kawaida fungu hilo halipungui karata 60, na karata yenye jina moja haizidi nne, isipokuwa ardhi za msingi, ambazo mtu huweza kutia kadiri apendavyo. Hivyo, anayekosa kitu mkononi hawezi kuilaumu bahati peke yake. Haina budi ajiulize alitia nini katika fungu.

Karata za mchezo huu, tukiacha mambo madogo, ni za namna mbili: ardhi na matendo. Ardhi za msingi ni tano: tambarare, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu; na kila moja hutoa nguvu ya rangi yake, nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu au kijani. Mchezaji huruhusiwa kuweka mezani ardhi moja tu kila zamu yake ifikapo. Ardhi ikishawekwa haiishi. Hutoa nguvu leo, na zamu ijayo hutoa tena, kama shamba linavyozaa mvua ndefu za Machi na likazaa tena mvua fupi za Oktoba. Matendo ndiyo yale mengine yote: majitu, majoka, radi, laana na tiba. Kila tendo lina bei yake ya nguvu. Joka la bei ya nguvu sita, mbele ya mtu mwenye ardhi mbili, ni picha nzuri tu.

Mtu aliyekulia juu ya matuta ya Mukurweini hahitaji mwalimu wa kumweleza jambo hili. Mbegu bora bila shamba hubaki ghalani na kuliwa na fukusi. Shamba pana bila mbegu huota magugu. Mchezaji naye huweza kupatwa na maradhi hayo mawili. La kwanza nitaliita ukame: ameshika matendo sita mazuri na ardhi moja, na kila zamu anapookota karata hupata tendo jingine lisilotendeka. La pili nitaliita mafuriko: ardhi nane ziko mezani, nguvu ni tele, na mkononi hamna la kufanya ila kuokota ardhi ya tisa. Katika maradhi yote mawili mwenzake huendelea kucheza peke yake, na yeye hutazama.

Basi atie ardhi ngapi? Wachezaji wa miaka mingi husema 24 katika 60, na kijana akiambiwa hivyo huona ni nyingi mno. Karibu nusu ya fungu lake liwe vinamasi na milima isiyo na pambo, na hali majoka yanamngoja! Lakini tufanye hesabu. Ardhi 24 katika 60 ni mbili katika kila karata tano. Mchezaji huanza na karata saba, kisha huokota moja kila zamu. Yule anayeanza mchezo haokoti katika zamu yake ya kwanza. Kwa hiyo afikapo zamu yake ya nne amekwisha kuona karata kumi. Mbili katika tano, mara kumi, ni nne. Ardhi nne kwa zamu ya nne, yaani moja kila zamu bila kukosa: ndiyo maana ya ile 24. Aliyetia ardhi 20 atatarajia tatu na theluthi tu kwa wakati huo huo, na theluthi ya ardhi haiwekwi mezani.

Neno kutarajia, hata hivyo, lina hila ndani yake. Wastani hauchezi karata. Mtu ndiye achezaye, na mtu hupata saba alizopata. Msomaji na ajaribu jambo hili jikoni kwao, pahali ambapo githeri haijatiwa maji. Achukue punje 36 za mahindi na maharagwe 24, azitie katika kopo, atikise vizuri, kisha achote saba bila kutazama. Mahindi ni matendo. Maharagwe ni ardhi. Ahesabu maharagwe, aandike katika daftari, azirudishe zote na kutikisa tena. Akifanya hivyo mara 100 ataona mambo yanayokaribia haya: mara 31 hivi atapata maharagwe matatu, mara 27 mawili, mara 20 manne. Hizo ni saba njema, na jumla yake ni zaidi ya robo tatu ya mara zote. Lakini mara 14 hivi atapata haragwe moja au asipate hata moja, na mara 8 atapata matano au zaidi. Aliyepika githeri anajua kwamba sufuria iliyochanganywa vizuri kabisa hutoa sahani yenye mahindi matupu. Hakuna aliyekosea. Kuchanganya vizuri ndiko kunakoruhusu jambo hilo.

Na abadili kiasi aone. Akitia maharagwe 20 na mahindi 40, zile saba za ukame zenye haragwe moja au sifuri zitafika karibu 25 katika 100, robo nzima. Akitia 28 na mahindi 32, ukame utapungua hadi 7 au 8, lakini mafuriko ya matano au zaidi yatapanda kutoka 8 hadi 16. Hapo ndipo mchezo unapofunza. Hakuna kiasi kinachoponya maradhi yote mawili. Kila haragwe linaloongezwa kuzuia ukame linafungua mlango wa mafuriko. Mpangaji wa fungu huchagua ni maradhi gani anaweza kuyavumilia, na uchaguzi huo hutegemea matendo yake. Mwenye matendo ya bei ndogo, ya nguvu moja au mbili, huvumilia ukame kwa kuwa ardhi mbili zinamtosha, naye hutia ardhi 20 au 21. Mwenye majitu ya bei ya sita hawezi kuishi hivyo. Huhitaji 26 au hata 27, akubali kwamba siku nyingine atazama majini.

Wapo wakosoaji wanaosema kwamba haya yote ni ila katika mchezo, na kwamba mtungaji mwenye busara angeiondoa. Watungaji wengine wameiondoa kweli. Katika Duel Masters, uliotoka Japani mwaka 2002, karata yoyote huweza kugeuzwa kuwa chemchemi ya nguvu, basi ukame haupo. Katika Hearthstone, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2014, kila mchezaji hupewa nguvu moja zaidi kila zamu mpaka zifike kumi, na hakuna ardhi kabisa. Siwezi kukana kwamba michezo hiyo ina rehema. Mtoto akicheza Hearthstone hatazami dari na kungoja shamba. Lakini ninapoitazama naona kwamba swali gumu kuliko yote, lile la kiasi, limeondolewa mikononi mwa mchezaji. Haulizwi tena atoe nafasi gani kwa matumizi ya kila siku na nafasi gani kwa fahari. Amejibiwa kabla ya kuuliza. Katika mchezo wa Garfield kila ardhi inayoingia hulifukuza tendo moja, na kufukuza tendo ulipendalo ni uamuzi unaouma. Hukumu yangu ni kwamba uamuzi huo ndio moyo wa mchezo wenyewe, na anayeutaka mchezo bila huo anataka mchezo mwingine.

Walakini sifa hiyo ina mpaka. Mtu aliyepanga fungu lake kwa hesabu sahihi kabisa atapata ukame mara 14 katika 100 pasipo kosa lolote lake, na kumwambia kwamba mchezo unamfunza subira ni kumdhihaki. Wenye mchezo wanalijua jambo hili, na historia ya kanuni zao ni ungamo la polepole. Hapo mwanzo mchezaji aliruhusiwa kubadilisha karata saba za mwanzo ikiwa tu zote ni ardhi au hakuna ardhi hata moja. Mwenye ardhi moja hakuwa na msaada. Baadaye kanuni ililegezwa, ikalegezwa tena, na tangu mwaka 2019 mchezaji yeyote asiyeridhika huchanganya fungu upya na kuchota saba nyingine, kisha huirudisha moja chini ya fungu kwa kila mara aliyobadilisha. Adhabu ni karata moja, na huichagua mwenyewe. Nionavyo mimi, hii ndiyo kanuni bora kuliko zote walizopata kutunga, maana inapunguza ukatili bila kuondoa uamuzi. Siisifu kwa kiasi hicho njia iliyochukuliwa katika Magic Arena, mchezo huo huo ulivyotengenezwa kwa kompyuta, ambao tangu mwaka 2021 umefika pia katika simu. Humo, katika mashindano ya mchezo mmoja, mashine huchota saba za mwanzo zaidi ya mara moja kimyakimya na kuelekea kumpa mchezaji zile zilizo karibu na kiasi cha ardhi alichotia. Kijana anayejifunzia hapo hujifunza kutia ardhi chache, kwa sababu mkono asiouona unamwokoa. Kisha akija kucheza mezani na mwenzake, kwa karata za kushika, hushangaa kwa nini bahati imemgeuka.

Hayo ni makosa madogo. Lawama yangu kubwa iko kwingine, nayo ni juu ya rangi.

Nimesema kila ardhi ya msingi hutoa rangi moja. Mchezaji anayetaka matendo ya rangi mbili, tuseme kijani na nyekundu, huigawa 24 yake kuwa misitu 12 na milima 12. Idadi ya ardhi haikupungua, lakini uhakika umepungua sana. Katika saba zake za mwanzo, mara 36 hivi katika 100 atakosa kabisa rangi moja kati ya mbili: atakuwa na misitu bila mlima, au milima bila msitu, au hana chochote. Zaidi ya theluthi moja! Sasa zipo ardhi za bei ghali zinazotoa rangi mbili kwa karata moja. Akitia nane za namna hiyo, pamoja na misitu minane na milima minane, ile 36 hushuka hadi 18 hivi. Imekatika nusu, na wala hakuongeza ujuzi wala hesabu. Ameongeza fedha.

Ardhi kumi za kwanza za namna hii zilichapishwa mwaka 1993, nazo hazina kasoro yoyote. Mwaka 1996 kampuni iliwaahidi wakusanyaji kwamba baadhi ya karata za zamani hazitachapishwa tena katu, na ardhi hizo kumi zimo katika ahadi hiyo. Leo moja yake huuzwa kwa mamia ya dola. Zimechapishwa ardhi nyingine nyingi za rangi mbili tangu wakati huo, na zile za rahisi, zinazopatikana kwa senti chache, karibu zote zina sharti moja: zikiwekwa mezani hulala zamu hiyo, na kuamka zamu ifuatayo. Mwenye fedha hutumia shamba lake siku ile ile aliyolipata. Asiye na fedha hungoja kesho. Mtu akinunua joka kwa bei kubwa, nasema ni fahari yake, na joka linaweza kuuawa kwa radi ya bei ndogo. Bali ardhi ni msingi wa kucheza kwenyewe. Kuuza uhakika wa kucheza ni jambo jingine kabisa, na mchezo unaojisifu kwamba kila mtu hulipanga fungu lake kwa akili yake umeweka mlango wa nyuma kwa wenye mali.

Wazee wa Nyeri wanaielewa tofauti kati ya wingi wa ardhi na mpango wa ardhi. Zamani mtu aliweza kuwa na vipande vitano au sita vilivyotawanyika, kimoja kando ya mto, kingine juu ya tuta la mbali, na siku yake ikaishia njiani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliviunganisha vipande hivyo, kila mtu akapewa shamba moja pahali pamoja. Mpango huo ulikuwa na faida yake kwa ukulima, lakini ulifanywa wakati wanaume wengi walikuwa vizuizini kwa ajili ya Vita vya Mau Mau, na miongoni mwao wapo waliorudi na kukuta wamepungukiwa. Nautaja mfano huu kwa heshima, nikijua kwamba karata ni mchezo na ardhi ya Nyeri haikuwa mchezo. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba swali la kiasi halijakamilika mpaka liulizwe pamoja na swali la pili: nani amepewa nafasi ya kupanga?

Mchezaji wa Mukurweini asiye na dola za kutupa anaweza kujibu kwa njia mbili, na zote mbili ni za heshima. Ya kwanza ni kucheza rangi moja. Fungu la misitu 24 na matendo 36 ya kijani halijui kabisa maradhi ya rangi. Hukosa rangi yake mara 2 tu katika 100, pale ambapo hakuna ardhi hata moja. Litakosa werevu wa namna nyingi, ni kweli. Halitajibu kila hila ya mpinzani. Lakini litacheza kila siku, na mpinzani mwenye rangi tatu na karata za thamani atakapokuwa anangoja mlima wake, fungu hili litakuwa limekwisha kuweka majitu matatu mezani. Ya pili ni kuzitengeneza karata kwa mkono. Mashindano rasmi hudai karata halisi za kampuni, lakini mezani nyumbani hakuna kanuni inayomkataza mtu kukata vipande 60 vya karatasi ngumu, kuandika juu yake jina, bei na kazi ya kila karata, na kumpa mwenzake ruhusa ya kufanya vivyo hivyo. Ardhi ya rangi mbili iliyoandikwa kwa kalamu hutoa nguvu sawasawa na ile ya mamia ya dola.

Atakayefanya hivyo na aanze na 24. Acheze mara kumi, na kila mara aandike mambo mawili katika daftari: zamu alizokaa bila la kufanya kwa kukosa ardhi, na zamu alizokaa bila la kufanya kwa kukosa tendo. Mara kumi ni chache, kwa hiyo asibadili zaidi ya karata moja kwa wakati mmoja. Zamu za kwanza zikizidi sana, atoe tendo lenye bei kubwa kuliko yote, hata kama ndilo lenye picha nzuri, na atie msitu mahali pake. Zikizidi za pili, atoe msitu mmoja. Kisha acheze kumi nyingine.